Pembeni mwa Jina la Tadeo

Siku ile Praxeda aliamka na furaha, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Angeamka na wasiwasi kidogo, kama wanavyoamka wasichana wengi walio karibu na ndoa, labda pigo lingemkuta amejiandaa. Lilimkuta anaimba. Ufunguo wa ofisi ya parokia ulikuwa mkononi mwake, jua la alasiri limeanza kulegea, na kesho yake, Jumapili, jina lake lingesomwa kanisani pamoja na jina la Tadeo, mwana wa katekista Noa. Lingekuwa tangazo la kwanza kati ya matatu. Zikipita Jumapili tatu bila mtu kusimama na kusema anajua kizuizi, wangefungishwa ndoa.

Miaka sita alikuwa akiingojea Jumapili hiyo. Mwaka hamsini na mbili, Tadeo alipopanda treni kwenda Makerere, alimwambia pale stesheni, "Miaka minne tu, Praxeda." Minne ikapita. Akashinda mitihani, akavishwa joho, akapiga picha ameshika shahada yake, na watu wa mtaa wao wa Mabawa, pale Tanga, wakamngoja arudi awe mwalimu mkubwa au karani wa bomani. Hakurudi. Aliandika kwamba yeye na Zebedayo, kaka yake Praxeda, waliokuwa wakisoma pamoja huko, wameamua kubaki Kampala wafungue kiwanda cha kupiga chapa madaftari na vitabu vya shule. "Tukirudi nyumbani tutakuwa watumishi wa watu," aliandika. "Huku tutakuwa watu wenyewe. Nipe miaka miwili mingine." Praxeda akampa. Mwanamke anayependa hajui kunyima, na wapo wanaume wanaolijua jambo hilo kabla hawajajua kunyoa ndevu.

Majirani waligawanyika. Wengine walisema subira huvuta heri, wengine wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wachumba wawili walibisha hodi katikati ya miaka hiyo, mwalimu mmoja wa Korogwe na mtu mmoja wa reli, na baba yake, mzee Abrahamu, fundi wa mashine katika shamba la mkonge, aliwarudisha wote kwa heshima, kwa kuwa posa ya Tadeo ilikwisha jibiwa. Praxeda mwenyewe alifundisha darasa la pili shule ya misheni. Saa za alasiri alikaa ofisini kwa Padre Anselmo akinakili vitabu vya ubatizo vilivyoliwa na mchwa. Padre alimchagua kwa sababu ya hati yake. Katika Tanga nzima hapakuwa na mtu aliyeandika vizuri kama yeye, na mimi sisemi hivyo kumpamba.

Jumamosi hiyo padre alikuwa kwenye vigango, makanisa madogo ya upande wa Pangani, na hangerudi mpaka alfajiri, kwa misa. Alimwachia maagizo: barua zikija zifunguliwe, za ndoa na ubatizo ziingizwe vitabuni. Tarishi alileta moja tu. Ilikuwa na stempu ya Uganda, na Praxeda alipoiona alitabasamu, maana aliijua ni ya nini. Mwezi uliopita padre aliandika Kampala kuuliza kama Tadeo hana kizuizi cha ndoa huko anakoishi. Jibu lilichelewa. Sasa limekuja, siku moja kabla ya tangazo, na nani apewe raha ya kulifungua kama si bibi arusi mwenyewe?

Hapa niseme jambo ambalo Mkatoliki yeyote wa wakati ule alilijua, au alipaswa kulijua. Mtu hata akafunge ndoa mwisho wa dunia, padre wa huko huandika barua kwenye parokia alikobatiziwa. Na huko, katika kitabu cha ubatizo, pembeni mwa jina lake, huandikwa kwamba fulani amefunga ndoa na fulani, tarehe fulani, mahali fulani. Ndiyo maana mtu haoi mara mbili kanisani. Praxeda alikwisha kuandika pembeni mwa majina mengi: huyu kaolewa Mombasa, yule kaoa Dodoma. Kila mara aliwaombea heri watu hao asiowajua.

Akakata bahasha kwa kisu cha padre.

Karatasi zilikuwa mbili. Alizoea namna ya karatasi zile, akajua pa kutafuta majina. "Tadeo, mwana wa Noa, aliyebatizwa Tanga." Vizuri. Akaendelea. "Perpetua Nalwoga." Akasimama hapo. Akarudi juu, akasoma tena jina la Tadeo, akashuka tena. Ndoa imefungwa tarehe kumi na sita Novemba, mwaka jana. Padre wa Kampala aliongeza mstari kwa mkono wake, anaomba radhi kwamba taarifa hii ilipaswa kuletwa tangu wakati ule.

Kwanza alijiambia wako Tadeo wengi. Akahesabu wana wa Noa waliobatizwa Tanga na kwenda Kampala, akampata mmoja. Kisha akageuza karatasi ya pili, penye majina ya mashahidi. Upande wa bibi arusi alisimama mwanamke mmoja wa huko. Upande wa bwana arusi jina lilikuwa limeandikwa wazi, kwa herufi kubwa: Zebedayo, mwana wa Abrahamu.

Kaka yake. Tumbo moja, ziwa moja. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na husema hivyo kwa wepesi kwa sababu hawajapatwa na lao.

Aliikumbuka Jumamosi hiyo ya Novemba. Alikuwa amekaa barazani kwao toka asubuhi, anachora herufi. Tadeo alimwandikia kwamba wanataka kupiga chapa daftari la kuwafundisha watoto hati nzuri, na hakuna hati Afrika Mashariki yote anayoitaka isipokuwa yake. Basi alichora a mpaka z, kubwa na ndogo, mara tatu tatu, akachagua zilizo bora, akazitia kwenye bahasha. Shingo ilimuuma siku mbili. Wakati yeye ameinama juu ya herufi zile, Tadeo alikuwa amepiga magoti mbele ya altare na mwanamke mwingine, na Zebedayo kasimama nyuma yake na suti mpya.

Hakulia. Alikaa tu kwenye kiti cha padre, kiti ambacho siku zote aliogopa kukikalia. Karatasi ya pili akaitia ndani ya kitabu. Ya kwanza akaiacha mbele yake.

"Hodi!"

Sauti ileile. Tadeo alifika Tanga jana yake kwa treni ya Moshi, akawaamkia wazee wa pande zote mbili, na akaagana na Praxeda kwamba aje amchukue hapa saa kumi wakatembee. Aliingia na kofia mkononi, suruali imenyooshwa, nywele zinanukia mafuta. Alikuwa amenenepa. Jana Praxeda alifurahi kuona amenenepa. Leo aliyatazama mashavu yale akaona ni ya mtu anayepikiwa.

"Karibu," akasema.

"Mbona unanitazama kama mkagua tiketi?" Tadeo akacheka. "Hata huniulizi nimekuletea nini? Jana nilikuwa nimezungukwa na wazee, sikupata nafasi. Funga macho."

"Nimechoka kufunga macho, Tadeo. Kiweke hapo."

Alidhani ni utani. Akatoa mkobani daftari jipya, jalada la buluu, akalifungua mwenyewe kwa sababu hakuweza kungoja. Herufi zilikuwa zake, moja moja. Ile g yenye mkia mrefu, ambayo aliirudia mara saba. Ile S kubwa.

"Umeona?" Macho ya Tadeo yalikuwa yanang'aa kweli, hakuwa anaigiza. "Watoto wa shule wanafuatisha mkono wako, Praxeda! Mpaka Masaka! Kila ninapoliona najiambia, huyu ni mke wangu."

"Jina langu liko wapi?"

"Jina?"

"Hapa chini pameandikwa Tadeo na Zebedayo, Kampala. Mwenye mkono yuko wapi?"

"Ah, mpenzi, hilo tutalitia chapa ya pili. Lilisahaulika tu, unajua haraka za kazi."

"Tarehe kumi na sita Novemba ulikuwa wapi?"

Tadeo alifunga daftari polepole. "Novemba? Nilikuwa kazini. Tulikuwa tunafunga mashine ile kubwa."

"Ilikuwa Jumamosi."

"Hata Jumamosi tunafanya kazi. Kwa nini?"

Praxeda akamsogezea karatasi.

Mtoto wa katekista! Alikulia nyuma ya sakristia, akabeba chetezo tangu ana miaka saba, akajua kuitikia misa nzima kwa Kilatini, akaenda Makerere akapata shahada, na jambo hili moja hakulikumbuka. Alidhani ndoa ya Kampala itabaki Kampala na kitabu cha Tanga kitabaki Tanga, na yeye atatembea katikati yao kwa treni. Alisoma na jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Nani mwingine ameiona?"

Kati ya maneno yote aliyoweza kusema, hayo ndiyo yaliyotangulia.

"Mimi peke yangu."

"Padre?"

"Yuko Pangani. Anarudi alfajiri."

Tadeo akashusha pumzi, akavuta kiti. "Praxeda, nisikilize. Usiseme kitu, nisikilize kwanza. Ardhi ya kule ina wenyewe. Mgeni huna pako. Tulipanga chumba, tukaweka mashine, mwenye nyumba akatutoa. Tukapanga pengine, tukatolewa. Ndipo tukampata mzee mmoja, ana kiwanja kizuri, barabarani kabisa. Akatuambia wazi: mgeni nitamweka na nitamtoa nikipenda, lakini mkwe simtoi. Ungefanyaje wewe?"

"Perpetua ni nani?"

"Ni binti wa mzee huyo."

"Sikuulizi baba yake ana nini. Nakuuliza yeye ni nani."

"Ni mtu mwema," akasema mwishowe, na neno hilo lilimchoma Praxeda kuliko angesema ni mzuri. "Hana kosa. Hajui kama upo."

"Ulimwambia nini ulipokuwa unakuja huku?"

"Kwamba baba anaumwa."

"Mzee Noa, ambaye jana kacheza ngoma uani kwetu."

"Praxeda!" Akaushika mkono wake juu ya meza. "Yule ni wa kiwanja. Wewe ni wa moyo. Hivi hujui? Toka tukiwa watoto hujui?"

"Kiwanja kinapika?" Aliyatazama yale mashavu.

Tadeo hakuuachia mkono, na hapa lazima niseme kweli, ingawa kweli hii haimpendezi mtu: Praxeda hakuuvuta. Alimpenda bado. Miaka sita ya kumngoja mtu haikatiki kama uzi kwa karatasi moja. Kidole gumba cha Tadeo kilikuwa kinapita juu ya vidole vyake kama zamani, pale kwenye ngazi za shule, na mwili wake mpumbavu ulikuwa unamsikiliza.

"Sikiliza nitakavyofanya," Tadeo alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka huu tunafungua tawi Nairobi. Nitakaa huko na wewe. Kampala nitakwenda na kurudi kwa ajili ya kazi. Kiwanda kikisimama imara tutanunua pa kwetu, na lile jambo la kule tutalimaliza."

"Ndoa ya kanisa inamalizwaje?"

"Tutaona. Mungu si mjinga, anajua ndoa ipi ni ya kweli. Praxeda, kesho tangazo linasomwa. Jumapili tatu tu. Barua ngapi hupotea posta? Padre atadhani na hii imepotea. Kiberiti kile pale."

Kiberiti cha mishumaa kilikuwa kwenye kibao cha dirisha. Tadeo hakuinuka kukichukua. Alimwachia yeye, na Praxeda akaenda, akakishika. Nje, akina mama wa chama cha kanisa walikuwa wanafagia uwanja kwa ajili ya Jumapili na mmoja wao akampungia mkono, "Bibi arusi huyo!" Akampungia naye.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Wenzake aliosoma nao walikuwa na watoto wanaojua kusoma. Mama yake alikuwa nyumbani anakaanga maandazi ya wageni wa kesho, na baba yake katoka kuazima viti. Njiti moja tu, na yote hayo yangekuwa kweli. Nani angeumia? Perpetua hamjui. Mungu, basi, atamwomba msamaha maisha yake yote, miaka ni mingi.

Akatoa njiti.

"Nikuulize jambo moja," akasema bila kugeuka. "Moja tu. Ukinijibu kweli, naichoma sasa hivi mbele yako."

"Uliza, mpenzi. Lolote."

"Nani alikusimamia siku ile?"

Tadeo alikuwa na akili nyepesi. Ndizo zilizompeleka Makerere.

"Mganda mmoja," akasema. "Fundi wetu wa mashine. Humjui."

"Na Zebedayo?"

"Zebedayo alikuwa Jinja kutafuta karatasi. Hakujua kitu mpaka yamekwisha. Angejua, angeniua, unamjua kaka yako." Akaona haitoshi, akanyoosha kidole kwenye msalaba ulio ukutani. "Naapa mbele ya yule pale."

Praxeda akarudisha njiti kwenye kiberiti. Alirudi mezani, akafungua kitabu, akatoa karatasi ya pili, akaiweka juu ya daftari la buluu. Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa fupi kuliko meza ya padre.

Tadeo aliliona jina.

"Nilitaka kumlinda," akasema. "Asikosane na nyinyi. Yeye hakupenda, mimi ndiye niliyemlazimisha. Praxeda, mtu huwezi kumsaliti rafiki yako."

"Rafiki huwezi," Praxeda alisema. "Naona mchumba unaweza."

"Sikukusudia hivyo."

"Nilikuwa naichoma, Tadeo. Haki ya Mungu, nilikwisha toa njiti. Ungesema neno moja la kweli leo, ningekuwa mke wako na mtenda dhambi, na ningekwenda nawe hata Kongo." Hapa ndipo machozi yalipomtoka, akayafuta kwa mkono wa gauni kwa haraka, yasidondokee kitabu. "Umeuapia msalaba, mtoto wa katekista wewe. Kwa kitu ambacho nilikuwa nimekishika mkononi."

Akachovya kalamu.

Ukurasa aliujua. Alikwisha kuunakili mwaka uliopita, na siku ile alilirudia jina la Tadeo mara mbili kwa raha tu, la pili kwenye karatasi yake mwenyewe. Kando yake palikuwa peupe. Alianza kuandika.

"Utajiharibia mwenyewe!" Tadeo alikuwa amesimama. "Unafikiri nani atakuoa? Una miaka mingapi? Watu watasema aliachwa siku ya tangazo. Mimi nitapanda treni, nitakwenda zangu. Wewe utabaki hapa Mabawa na aibu."

Huyo naye alikuwa Tadeo. Ndiye aliyekuwamo siku zote chini ya yule mwingine, na Praxeda alimsikiliza bila kuinua kichwa. Aliandika tarehe. Aliandika Kampala. Jina la Perpetua Nalwoga aliliandika taratibu, kwa hati yake bora, kwa kuwa yule mwanamke hakumkosea kitu na siku moja angeweza kulihitaji.

Alipokwisha kukausha wino, Tadeo hakuwapo. Daftari la buluu aliliacha mezani. Praxeda akalitia kwenye sanduku la karatasi za kufungia mishumaa. Katika karatasi ya matangazo ya kesho akayakata majina yao kwa mstari mmoja, akaiweka juu ya meza na barua ya Kampala juu yake, akafunga mlango.

Nyumbani harufu ya mafuta na iliki ilianzia njiani. Mama yake, Mama Lea, alikuwa uani mbele ya karai, kanga kiunoni, beseni limejaa maandazi kando yake. Alikuwa peke yake. Akainua uso wenye unga, akamwona bintiye, na tabasamu likaanza na kukatika.

"Zima moto, mama," Praxeda alisema. "Hakuna tangazo. Tadeo ana mke Kampala."

Mama Lea hakuangusha mwiko. Hakusema Mungu wangu, wala hakuuliza mke gani. Alimtazama mwanawe na kusema kwa sauti ndogo,

"Nani kakuambia?"

Maandazi mawili yalikuwa yanaungua. Praxeda aliyaangalia yakiwa meusi, na ilimchukua muda kulielewa swali lile.

"Ulijua," akasema.

"Mwanangu, kaa."

"Toka lini?"

"Krismasi." Mama Lea alikuwa anajifuta mikono kwenye kanga, anajifuta na kujifuta. "Zebedayo aliniandikia."

"Barua zote za Zebedayo nakusomea mimi."

"Ile alimpa mtu wa treni aniletee mkononi. Nikampelekea Miraji, fundi cherehani, akanisomea kibarazani kwake. Nilimwapisha asiseme. Praxeda, usinitazame hivyo! Jana Tadeo alipokuja mwenyewe kwa ajili ya tangazo, nilisema labda yule wa Kampala amekwenda zake, labda Mungu ametengeneza. Nilisali usiku kucha."

"Ningesimama altareni, mama. Nawe umekaa kiti cha mbele."

"Zebedayo angefukuzwa kule! Alisema neno likitoka, mzee mwenye kiwanja atawatupa nje wote wawili. Kaka yako kasoma kwa jasho la baba yako. Ningefanya nini, nimwangamize?"

"Barua iko wapi?"

Mama Lea aliingia ndani. Aliporudi, alikuwa nayo mkononi, imekunjwa mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti. Praxeda akaikunjua, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, na akafanya kama alivyofanya na barua zote za kaka yake tangu aondoke. Alimsomea mama yake kwa sauti, wazi, kituo kwa kituo.

"Mama mpendwa, salamu nyingi sana, sisi wazima. Barua hii asikusomee Praxeda. Tadeo amefunga ndoa huku na binti wa mwenye kiwanja chetu, nami nilimsimamia. Usikasirike, mama, bila hivyo mashine zingelala nje na shahada zetu zisingetusaidia kitu. Praxeda msimwambie. Mwacheni angoje, atachoka mwenyewe, ataolewa na mtu mwingine. Yule ni mvumilivu, hatadhurika. Baba naye asijue. Ni mimi mwanao, Zebedayo."

Mama Lea alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Kwa Miraji aliisikia barua hii mara moja, kwa sauti ya mtu mwingine. Labda ndiyo maana aliweza kuificha.

Njiani pakasikika mkokoteni na sauti ya mzee Abrahamu, mwenye furaha, anamwambia kila jirani. "Viti ishirini! Idarusi kaniazima ishirini, na meza juu! Lea! Mama Zebedayo, njoo uone!"

Praxeda akainuka, barua mkononi. Mama yake akamshika gauni.

"Mwambie la Tadeo," alinong'ona. "Hilo mwambie, ni haki yako. La kaka yako niachie, mwanangu. Nakupigia magoti. Litamuua baba yako."

Praxeda aliutoa mkono ule kwenye gauni lake, bila hasira, kidole kwa kidole, akatoka nje. Baba yake alikuwa amevua kofia, anajipepea, shati limelowa jasho mgongoni na meno yote nje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, bibi arusi! Umeona viti?"

"Nimeviona. Shusha kimoja ukae," alisema Praxeda. "Nina mambo mawili ya kukuambia."

Ndani, nyuma yake, alimsikia mama yake akianza kulia.